Ini Lisilolalamika: Chakula, Vidonge na Afya ya Nyumba Zetu

(Hotuba iliyotolewa na Kamati ya Afya katika ukumbi wa hekalu, siku ya pili ya maadhimisho, mbele ya waumini na majirani)

  

Tunashukuru kupewa nafasi hii. Katika sherehe za namna hii ni desturi kusimulia yaliyojengwa: mnara uliowekwa kalasha mpya, jiko lililopanuliwa, kisima kilichochimbwa. Sisi tumepewa jukumu la kuzungumzia hekalu jingine, ambalo kila mmoja wetu hulibeba popote aendapo. Na ndani ya hekalu hilo, tumechagua kiungo kimoja tu, nacho ni ini.

Wazee wa pwani hii waliujua uzito wa kiungo hiki. Mtu akipatwa na uchungu usiosemeka husema, "Yamenikata maini." Ajabu yake ni kwamba ini lenyewe, likiumia, halisemi. Moyo ukishikwa hupiga kelele na jino likioza humkesha mtu. Ini huvumilia miaka kumi, kumi na mitano, bila kulalamika. Kwa hiyo leo tumekuja kulisemea.

Tuanze na kisa cha mwenzetu

Kisa hiki tumekiomba kwa mwenyewe, naye ameridhia tukisimulie bila kumtaja jina. Ni mzee wetu wa hapa hapa. Tangu kuzaliwa hajaonja nyama, wala hajagusa pombe. Alikwenda hospitali kwa sababu nyingine kabisa, akafanyiwa kipimo cha altrasaundi cha tumbo, na majibu yakaandikwa: ini lina mafuta.

Akarudi nyumbani, akaikunja karatasi ile, akaiweka chini ya nguo kabatini. Kwa miezi saba hakumwambia mtu, hata mkewe. Alichokiogopa hasa kilikuwa maneno ya watu. Katika jamii yetu, ukisema ini linaumwa, jambo la kwanza watakaloulizana watu barazani ni, "Kumbe alikuwa akinywa kwa siri?" Mzee aliyekesha miaka thelathini akiimba bhajani hakutaka jina lake lifike huko.

Kwa kuwa hakurudi kwa daktari, alijitibu. Alinunua vidonge vya manjano vilivyochanganywa na pilipili manga, sharubati ya giloy, na kopo la poda ya "kusafisha ini". Akavitumia vyote kwa pamoja, asubuhi na jioni. Siku moja mkewe, akimpa chai, akaona macho yake yamekuwa ya njano.

Hospitalini daktari aliagiza vyote alivyokuwa akivimeza viletwe. Mkewe akaja na mfuko mzima. Daktari akavisimamisha vyote siku ile ile, na baada ya majuma kadhaa unjano ukaondoka. Mzee wetu alikuwa na bahati, kwani wapo ambao ini lao halikurudi.

Na hapa, ndugu zetu, hatuna budi kukiri jambo. Lile kopo la poda halikununuliwa mbali. Lilinunuliwa uani mwa hekalu hili, kwenye meza ya biashara wakati wa Navratri. Aliyeiruhusu meza ile ni sisi, kamati hii inayozungumza nanyi. Hatukumuuliza muuzaji ndani ya kopo mna nini. Tuliona picha ya jani na jina la Kisanskriti, tukaridhika. Hotuba hii, pamoja na kuwa mafunzo, ni njia yetu ya kuomba radhi.

Ini na mafuta yake

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, nalo hukaa upande wa kulia, chini ya mbavu. Hupokea karibu kila tunachokila baada ya kupita utumboni. Hupanga sukari, hutengeneza nyongo, huunda protini za damu, na huzivunja dawa na sumu. Likipokea nishati nyingi kuliko mahitaji ya mwili, huigeuza kuwa mafuta na kuyaweka akiba. Mafuta yakionekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake, wataalamu husema ini limeshikwa na mafuta.

Wengi hubaki hapo kwa miaka bila madhara makubwa. Kwa baadhi, mafuta huleta uvimbe wa ndani, uvimbe huacha makovu, na makovu yakienea ini hukakamaa. Hali hiyo ndiyo sirosisi, ambayo yaweza kuishia katika saratani ya ini au ini kushindwa kabisa kufanya kazi. Isitoshe, wengi wenye mafuta kwenye ini hufa kwa maradhi ya moyo kabla ini lenyewe halijashindwa, kwa kuwa kisukari, shinikizo la damu, mafuta mabaya ya damu na kitambi ni watoto wa mama mmoja.

Mwaka 2023 jumuiya za kimataifa za wataalamu wa ini zilikubaliana kuubadili jina ugonjwa huu. Jina la zamani liliutambulisha kwa kusema tu kwamba hautokani na pombe. Jina jipya linautambulisha kwa chanzo chake halisi, yaani hitilafu katika namna mwili unavyotumia na kuweka chakula. Sababu mojawapo ya mabadiliko hayo ilikuwa kumwondolea mgonjwa aibu. Duniani kote hukadiriwa kuwa angalau mtu mzima mmoja kati ya wanne ana hali hii. Basi atakayesikia jirani yake anao, asimtafutie chupa mvunguni. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza: jamii inayomwaibisha mgonjwa ndiyo inayomfundisha kuficha.

Mbona sisi tusiokula nyama?

Swali hili tumeulizwa mara nyingi. Jibu lake lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni ya maumbile. Watu wenye asili ya Asia ya Kusini huelekea kuweka mafuta tumboni na kwenye ini hata wanapoonekana wembamba. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa Waasia hatari ianze kuhesabiwa kwenye uwiano wa uzito na urefu wa 23, badala ya 25 inayotumika kwa wengine. Kwa kiuno, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari hutumia sentimita 90 kwa wanaume na 80 kwa wanawake wa asili hiyo. Mkanda wa fundi cherehani unatosha kwa kazi hiyo. Utakapofika nyumbani, jipime.

Ya pili ni ya jikoni. Kutokula nyama ni jambo jema, lakini jalebi haina nyama. Soda haina nyama. Gulabjamu, ganthia, chevda, kachori na chapati nyeupe zilizopakwa samli hazina nyama. Mtu aweza kuishi miaka sitini bila kumdhuru kiumbe hata kimoja, ilhali analidhuru ini lake kila jioni saa kumi na moja, chai inapoletwa. Wala majirani zetu wasicheke: maandazi, vitumbua, chipsi mayai na juisi ya miwa ni ndugu wa hao hao.

Sukari ndiyo ya kutazamwa kwanza. Nusu yake ni fruktosi, na fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, ambalo hugeuza ziada kuwa mafuta. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba au vinane vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Anayekunywa vikombe vinne vya chai vyenye vijiko viwili kila kimoja amekwisha kuuvuka mpaka huo kabla ya kugusa kitafunio. Asali na sukari guru, pamoja na heshima zote tuzipazo, ini huzihesabu vilevile.

Kisha mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, au cha samli, kina karibu kalori 120. Aina nayo ina maana. Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walichapisha jaribio ambalo vijana wenye afya walilishwa vikeki vya ziada kwa majuma saba. Kundi moja lilikula vilivyotengenezwa kwa mafuta ya mawese, na jingine vya mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka uzito sawasawa, lakini waliokula vya mawese walijaza mafuta kwenye ini zaidi. Hatusemi samli iondoke nyumbani. Taa ya aarti haitawashwa kwa maji. Tunasema ipimwe kwa kijiko cha chai badala ya kumiminwa, na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa yasirudi tena jikoni.

Sahani ya kutibu

Tiba iliyothibitika kuliko zote haiuzwi dukani, nayo ni kupungua uzito kwa wale waliozidi. Kupungua kwa asilimia 5 huondoa sehemu ya mafuta ya ini. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe, na kwa wengi waliofika 10, hata makovu yameonekana kulegea. Mwenye kilo 80 anahitaji kupunguza kilo nne ili aanze kuona faida, na kati ya sita na nane ili aone faida kubwa. Asikimbilie. Nusu kilo kwa wiki yatosha; kujinyima chakula ghafla huweza kulichafua ini zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na hukipunguza vilevile.

Igaweni sahani yenu hivi. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, karela, biringanya, kabeji, kachumbari. Robo iwe dengu, choroko, kunde, mbaazi au maharage, na kwa majirani wanaokula samaki, basi dagaa au samaki wa kuchemsha. Robo ya mwisho ndiyo ya wali, chapati ya atta isiyochekechwa sana, au ugali wa dona. Wengi wetu tumeigeuza sahani hii: wali nusu, viazi robo, na dengu nyepesi iliyomwagiwa juu kama mvua ya vuli. Viazi ni wanga, havihesabiwi kama mboga. Matunda yaliwe, yasikamuliwe. Chungwa moja hushibisha, lakini bilauri ya juisi humeza machungwa manne bila mtu kujua.

Kuna habari njema kwa wapenzi wa baraza. Tafiti nyingi zimeona kuwa wanywaji wa kahawa, vikombe viwili au vitatu kwa siku, huwa na makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Hilo halithibitishi kwamba kahawa ni dawa, wala hatumshurutishi asiyeizoea. Lakini kahawa chungu ya mtaani kwetu, isiyo na sukari, haina ubaya kwa wengi. Kashata inayoandamana nayo ndiyo ya kuachwa.

Pombe, kwa yeyote anayeitumia, huongeza moto juu ya moto. Ini lenye mafuta halina nafasi ya mgeni huyo. Na mwendo wa haraka wa dakika 30, siku tano kwa wiki, hupunguza mafuta ya ini hata mizani isiposhuka sana.

Kuna hatari nyingine za ini ambazo si za mafuta, lakini hukaa nyumba moja nayo. Homa ya ini aina ya B ipo katika nchi zetu, ina kipimo na ina chanjo. Na karanga au mahindi yenye ukungu hubeba sumu ya kuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumu hiyo katika mahindi iliugusha watu 317, na 125 kati yao walifariki. Karanga yenye ukungu haioshwi ikaliwa, hutupwa.

Saumu na prasadi

Tuseme sasa yanayogusa ibada, kwa adabu. Ekadashi huja mara mbili kwa mwezi, na nia yake ni kuupumzisha mwili na kuielekeza akili kwa Mungu. Lakini tazameni meza zetu za siku hiyo: khichdi ya sabudana iliyojaa mafuta, viazi vya kukaanga, penda na vitamu vya maziwa. Nafaka imekatazwa, na ini limetwishwa mzigo mara mbili. Majirani zetu Waislamu wametuambia kwamba nao hulijua jambo hili katika futari. Saumu iliyo ya kweli, yenye matunda machache, maziwa na maji, huweza kulisaidia ini. Hata hivyo, anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifunge kabla ya kuonana na daktari, kwa maana sukari yake yaweza kushuka ghafla akazimia.

Kuhusu prasadi, hakuna atakayethubutu kusema irudishwe. Kipande kidogo, kilichopokelewa kwa mikono miwili, ni baraka. Baraka haiongezeki kwa sahani ya pili.

Vidonge: kipi kina ushahidi?

Tunajua wengi mmekuja kwa ajili ya sehemu hii.

Vitamini E. Hiki ndicho kirutubisho cha nyongeza chenye ushahidi mkubwa zaidi. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, watu wazima wenye uvimbe wa ini uliothibitishwa, wasio na kisukari, walipewa yuniti 800 kwa siku kwa majuma 96. Asilimia 43 walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 19 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini mwaka 2011, utafiti mwingine wa wanaume zaidi ya 35,000 ulionyesha kwamba yuniti 400 kwa siku ziliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Basi hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari kwa mgonjwa maalumu, na haifai kununuliwa kwa sababu jirani kanunua.

Mafuta ya samaki, yaani omega-3. Hushusha mafuta ya damu na hupunguza kiasi mafuta ya ini, lakini hayajathibitika kuondoa uvimbe wala makovu. Wasiokula samaki watumie alsi iliyosagwa na jozi kama chakula, bila kutarajia muujiza.

Vitamini D. Ukipimwa ukakutwa na upungufu, tibiwa upungufu. Kama tiba ya ini, majaribio hayakuonyesha faida ya wazi.

Vitamini B12. Hii haitibu ini, lakini tunaitaja kwa sababu sisi tusiokula nyama wala mayai tuna hatari ya kuikosa, na metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa na wengi hapa, huzidi kuipunguza. Ganzi ya miguu na usahaulifu visiitwe uzee kabla damu haijapimwa.

Manjano. Kijiko katika dengu hakina neno. Babu na bibi zetu wameyala maisha yao yote. Vidonge ni jambo jingine: huwa na kiasi kikubwa kilichokolezwa, na pilipili manga huongezwa makusudi ili mwili ufyonze zaidi. Madaktari wameandika visa vya ini kuumia kutokana navyo. Visa kama hivyo vimeripotiwa kwa giloy, hasa nchini India wakati wa korona, kwa ashwagandha, na kwa vidonge vya majani ya chai ya kijani vinavyouzwa kupunguza unene. Hatuidharau elimu ya Ayurveda. Tabibu wa kweli wa Ayurveda humtazama mgonjwa, hupima kiasi na huuliza maswali. Kopo la bazaar haliulizi.

Poda za "kusafisha ini". Ini ndilo linalosafisha mwili, wala hakuna poda iliyothibitika kulisafisha lenyewe.

Dawa za hospitali nazo zinakuja. Machi 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mahsusi kwa ini lenye mafuta na makovu. Hata hiyo iliidhinishwa itumike pamoja na chakula bora na mazoezi.

Tunayoyaazimia

Mwenye kisukari, kitambi au shinikizo la damu amwombe daktari vipimo vya ini. Kutokana na umri wake, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani za damu, daktari aweza kukadiria kwa hesabu fupi kama kuna makovu. Na kila anayekwenda hospitali abebe vyote anavyovimeza, hata vile alivyopewa na shemeji yake aliyetoka Rajkot.

Kwa upande wetu, Halmashauri imeridhia mambo matatu. Kuanzia sasa hakuna meza itakayouza dawa, poda wala vidonge uani mwa hekalu. Katika mlo wa pamoja, mboga na kachumbari zitagawiwa kwanza, na maji yatakuwepo badala ya sharubati. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya aarti ya asubuhi, kutakuwa na mkanda, mizani na kipimo cha shinikizo la damu katika chumba cha viatu, bila malipo, kwa Mhindu na asiye Mhindu. Kazi hiyo tunaihesabu kuwa seva kama kufagia sakafu hii.

Mzee wetu, kwa mwaka mmoja, ameshuka kutoka kilo 84 hadi 77. Hutembea alfajiri ufukweni pamoja na jirani yake, mwalimu wa madrasa, ambaye naye ana kisukari. Vipimo vyake vya ini vimerudi karibu na kawaida. Ile karatasi aliyoificha kabatini ametupa sisi tuihifadhi. Ameketi miongoni mwenu sasa hivi, na hatutamwonyesha kwa kidole. Akitaka kusimama, atasimama mwenyewe.

Mungu aliyeyadumisha matofali ya hekalu hili aidumishe na miili inayoingia humo. Om shanti, shanti, shanti.